Kopo Linalojua Kukata

Kopo la mafuta la fundi cherehani hutosha kiganjani. Kitako chake ni bati jembamba lililobinuka kidogo, tumbo lake ni la mviringo, na shingoni mwake umefungwa mrija mrefu uliochongoka, unaoishia kwenye tundu ambalo sindano hupita kwa taabu. Likipotea, fundi hununua jingine wala hamsimulii mtu. Lakini mwaga mezani vyote vilivyomo kwenye droo ya cherehani, mkasi, bobini, chaki, futi, bisibisi fupi na sindano za akiba, uone ni vingapi vilivyofikiriwa kwa makini kiasi hiki.

Kumwaga mafuta hakuhitaji chombo cha maana. Chupa ya maji iliyotobolewa kizibo kwa msumari humwaga vizuri tu, na wako mafundi walioishi nayo miaka. Kazi ngumu ni kukata: kutoa tone moja, kuliweka pale linapotakiwa, kisha kuhakikisha kwamba la pili halifuati. Kopo zuri la mafuta hupimwa kwa kile linachokizuia, na hapo ndipo ulipo ustadi wa waliolibuni.

Chukua kwanza lile la kawaida kabisa, la kubonyeza kitako. Halina pampu, halina valvu, halina springi ya pembeni. Springi ni kitako chenyewe. Unalishika mabegani kwa vidole viwili, mrija ukiwa katikati yake na kidole gumba kikiwa kwenye kitako, halafu unalipindua. Asiyelizoea hutarajia mafuta yaanze kutiririka. Hayatiririki. Tundu la mrija ni dogo kiasi kwamba utando wa mafuta uliojitanda mdomoni mwake hauipi hewa nafasi ya kupenya, na hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Kopo hukaa kichwa chini, limejaa, wala halidondoshi kitu. Kidole gumba kinapobonyeza, bati huingia ndani kwa mlio mfupi, nafasi ya ndani hupungua kidogo, na mafuta ya kiasi hichohicho husukumwa nje. Tone limepatikana.

Uhondo wenyewe unakuja pale kidole kinapoachia. Kitako kinarudi mahali pake, nafasi ya ndani inapanuka, na kopo linavuta pumzi kupitia mdomo uleule. Tone la pili lililokuwa limeanza kuning'inia linarudishwa ndani pamoja na hewa hiyo. Mlango mmoja unatoa mafuta na kuingiza hewa, na mkono uleule uliofungua ndio uliofunga. Hakuna kipimo kilichochorwa popote kwenye bati. Ukibonyeza kwa woga hutoka tone dogo, ukibonyeza hadi mwisho hutoka kubwa, na baada ya muda kidole hujifunza tofauti hiyo bila kuambiwa.

Hata kuchongoka kwa mrija kuna hesabu yake. Mafuta hupita kwa shida kwenye njia nyembamba, na shida hiyo huongezeka haraka kuliko macho yanavyodhani: ukikata kipenyo cha mrija kwa nusu, kwa urefu uleule na msukumo uleule, yanayopita ni sehemu moja tu ya kumi na sita ya yale ya mwanzo. Kwa sababu hiyo mrija hufanywa mpana chini, mafuta yafike juu bila kusumbuka, kisha hubanwa mwishoni, mahali pekee ambapo panastahili kubanwa. Wembamba huo wa ncha pia huiwezesha kuingia kati ya vyuma vilivyosongamana. Fundi anayekasirishwa na uchache wa tone akapanua tundu kwa msumari ameharibu kopo zima, kwani tundu likipanuka mara mbili tu, ule ukaidi wake wa kuzuia umekwisha.

Sasa liweke kazini. Cherehani nyingi zilizoshonea barazani katika miji ya Afrika Mashariki ni za ukoo mmoja: Singer nyeusi zilizotoka kiwanda cha Kilbowie huko Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na Butterfly za Shanghai zilizofuata umbo la Singer ya namba 15. Kitabu cha maelekezo cha Singer kilikuwa na michoro ya mashine ikiwa imezungukwa na mishale, kila mshale ukielekea mahali pa kutia mafuta. Agizo lilikuwa fupi: tone moja kila mahali, na mashine inayoshona kutwa ipewe kila siku. Ndani ya kisanduku cha vifaa, pamoja na bobini na bisibisi, kulikuwa na kikopo cha mafuta. Kiwanda hakikuona kwamba mashine imekamilika bila hicho.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kitambaa, kopo likafuata baadaye. Hufuta vumbi na nyuzi kwanza, kwa sababu tone likitua juu ya uchafu huubeba na kuingia nao ndani. Kisha hupita matundu ya juu ya mkono wa mashine, ambamo shafti kuu huzunguka, moja karibu na gurudumu na jingine karibu na uso. Hufungua kifuniko cha uso akatia tone kwenye nondo ya sindano na kwenye kile kinyanyua uzi kinachopanda na kushuka bila kupumzika. Kisha huilaza mashine chali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huko chini ndiko waliko wengi wanaosahauliwa: viungo vya meno yanayosogeza kitambaa, shafti za kuyumba, na ile njia ya duara ambamo kibebeo cha bobini husuguana na chuma maelfu ya mara kwa saa. Hapo panatosha tone moja kabisa. Humalizia kwa miguu, kwenye maungio ya pedali na ule mkono unaounganisha pedali na gurudumu kubwa. Mkanda wa ngozi haugusi, maana mkanda ulioonja mafuta huteleza.

Baada ya hapo hukanyaga pedali mara kadhaa bila uzi, hufuta yaliyochuruzika, kisha hushona kwenye kipande cha kitambaa kibovu mpaka sindano iache kuacha doa. Hatua hiyo ya mwisho humtambulisha fundi makini. Doa moja la mafuta kwenye kanzu nyeupe ya bwana harusi hugharimu zaidi ya kopo, mafuta na kazi ya siku nzima. Mafuta ya ziada yana dhambi nyingine iliyojificha zaidi: hukusanya nyuzi za pamba na vumbi, vikagandamana kuwa tope gumu chini ya meno, na mashine ikawa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kutiwa mafuta.

Aina ya mafuta nayo ina neno. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe, yanayotokana na mafuta ghafi, na hukaa muda mrefu bila kubadilika. Mafuta ya kupikia huonekana kufaa kwa siku chache, kisha hukutana na hewa, hushika, na hugeuka gundi ya rangi ya kahawia. Mashine iliyopakwa mafuta ya kupikia husimama kana kwamba imelehemiwa. Dawa yake inajulikana na mafundi wa zamani: mafuta ya taa hutiwa katika kila tundu, mashine huendeshwa haraka mpaka uchafu utoke, hufutwa, halafu hupewa mafuta yake halisi mara moja. Mafuta ya taa huosha tu, hayalainishi, na anayesahau hatua ya mwisho ameacha chuma kikisuguana na chuma.

Lakini kwa nini tone moja litoshe? Jibu la kitaalamu lilitokea kwa bahati huko Uingereza. Mwaka 1883 Beauchamp Tower alikuwa akifanya majaribio kwa niaba ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo, akipima msuguano wa beringi zinazobeba ekseli za reli. Ekseli yake ilizunguka ikiwa imezama kidogo kwenye mafuta, mzigo ukiikandamiza kutoka juu. Alitoboa tundu juu ya beringi ili afunge chombo cha kutilia mafuta. Mashine ilipowashwa, mafuta yalipanda tunduni na kumwagika nje. Aliziba kwa kizibo, kikasukumwa kikatoka. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji ya shinikizo ndipo alipotambua kwamba mafuta yaliyo kati ya shafti na beringi yana shinikizo kubwa, na kwamba shinikizo hilo ndilo lililokuwa likiubeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu: shafti inapozunguka huburura mafuta na kuyasukumiza kwenye upenyo unaobanana, na utando wake, mwembamba kuliko unywele, huinua chuma kisiguse chuma kingine.

Somo kwa mwenye kopo ni kubwa. Mashine hujipakia mafuta yenyewe mradi ipewe ya kuanzia. Shafti itayachukua, itayasambaza na kuyageuza mto wa kulalia. Kinachozidi utando huo hakibebi chochote. Hutafuta njia ya kutoka. Tena tundu la mafuta halitobolewi popote. Likiwa upande unaokandamizwa na mzigo, mafuta yatarudishwa usoni kwa mtiaji, kama Tower alivyoona. Wenye busara huliweka upande uliolegea, ambako shafti inayapokea. Kila ukiona tundu dogo juu ya mkono wa cherehani au ubavuni mwa lethi ya kuchongea vyuma, ujue kuna mtu aliyekaa akafikiri ni wapi tone litakaribishwa.

Reli ndiyo iliyolikuza kopo la mafuta hadi utu uzima. Injini ya mvuke ilikuwa na viungo vingi vilivyo wazi, na kabla ya safari dereva aliizunguka nzima, kopo mkononi, akiinama chini ya nondo na kupenyeza mrija mrefu kati ya magurudumu. Mafuta yaliwekwa kwanza kwenye rafu iliyo juu ya mlango wa tanuru yapate joto, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito na huchelewa kushuka. Kwenye viungo vingine kulikuwa na kikombe chenye utambi wa sufu, ncha moja imezama kwenye mafuta na nyingine imeingia kwenye bomba linaloelekea beringi. Aliyewahi kutazama utambi wa koroboi ukipandisha mafuta ya taa anaelewa kilichokuwa kikiendelea: utambi ulinyonya na kudondosha kidogo kidogo njia nzima. Injini ikilala stesheni, dereva mwangalifu alizichomoa tambi hizo ili zisinyonye bure usiku kucha.

Huko Leeds, kiwanda cha Joseph Kaye na wanawe kilijipatia jina kwa makopo yaliyotumika kwenye reli na melini. Juu ya mshikio kulikuwa na kitufe cha kidole gumba. Ukikibonyeza mafuta hutoka. Ukikiachia hukatika papo hapo, hata kopo likiwa limeinamishwa. Kwa dereva anayetambaa gizani chini ya injini, hiyo ilikuwa neema. Angeweza kuupitisha mrija kwenye kona tatu bila kumwagia tumbo lake mafuta, akafika kwenye kikombe, akabonyeza, akaachia, akarudi alikotoka.

Mtu mwingine aliyelijua kopo la mafuta kwa mikono yake ni Elijah McCoy. Alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada, na wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Alipelekwa Edinburgh akiwa kijana akasomea uhandisi mitambo, lakini aliporudi na kutafuta kazi Michigan, shirika la reli halikumpa mtu mweusi cheo cha mhandisi. Alipewa kazi ya kuchochea moto na kutia mafuta. Katika kazi hiyo aliona hasara ambayo wenye vyeo hawakuiona: garimoshi lilibidi lisimame ili litiwe mafuta kwa mkono. Mwaka 1872 alipata hataza ya chombo cha kuidondoshea injini mafuta ikiwa mwendoni, na kabla ya kufa mwaka 1929 alikuwa na hataza zaidi ya hamsini, nyingi zikihusu ulainishaji. Chombo chake kilifanya kile ambacho kopo zuri hufanya, kutoa kidogo mahali panapohusika kwa wakati wake. Aliyeshika kopo kwa akili ndiye aliyeweza kukifundisha chuma.

Katika gereji na karakana za leo anayetawala ni kopo la pampu. Lina kishikio chenye kifyatuo, na ndani mna silinda ndogo, pistoni, springi na kigololi kinachofanya kazi ya valvu. Ukikaza vidole, pistoni inasukuma mafuta kwenye mrija na kigololi kinaziba njia ya kurudi. Ukilegeza, springi inainua pistoni na silinda inajaa tena kutoka kwenye kitako cha kopo. Kila mkazo hutoa kiasi kilekile. Halihitaji kupinduliwa, kwa hiyo mrija wake unaweza kupindwa au kufanywa wa kunyumbulika, ufike mahali ambapo mkono haufiki. Kwenye lethi, fundi huibana ncha yake juu ya kigololi kilichoziba tundu la mafuta, kigololi kikazama, mafuta yakaingia, kisha kikarudi kuziba vumbi lisifuate.

Vijijini kopo la pampu lina kumbukumbu nyingine. Injini za Lister zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, zilizungusha mashine nyingi za kusaga unga. Zile za mwendo wa taratibu zilipakwa mafuta ya ndani kwa njia yake, lakini roka za valvu juu ya kichwa zilingoja mkono wa mtu. Msagishaji aliyejua thamani ya injini hakuiwasha asubuhi kabla ya kuzipa roka matone yake, na injini hizo zilidumu miongo.

Anayetaka kuheshimu zaidi kopo hili atazame linavyotengenezwa. Karatasi yake ni chuma chembamba kilichovikwa utando wa madini ya bati, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi. Utando huo huzuia kutu na pia hupokea lehemu kwa urahisi. Mrija huviringishwa ukachongoka, mshono wake ukajazwa lehemu kwa nje bila kuacha donge ndani, kwani donge dogo kuliko punje ya mtama litaziba njia. Shingo hukatwa nyuzi za skrubu na kuwekewa washa, na hapa ndipo makopo ya bei ya chini yanapoanguka: washa mbovu hupitisha hewa, na hewa ikipita shingoni, ile hila yote ya tundu dogo haina kazi tena. Kitako ndicho kigumu zaidi. Bati lake likiwa gumu mno, kidole huchoka. Likiwa laini mno, hubonyea lisirudi. Mafundi bati wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, wanaoviringisha midomo ya makopo ya kumwagilia maua na kulehemu vibatari, wana mikono ya kuutengeneza mrija huu. Ni kile kitako chenye uhai wa springi kinachotaka mashine ya kukandamiza na bati la kuchagua.

Ubadhirifu wa mafuta tunauona kila siku, tumeuzoea hata hatuuoni. Mnyororo wa bodaboda humwagiwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini, yenye vumbi la chuma ndani yake. Pikipiki ikiondoka, nusu yake huruka kwenye rimu na suruali ya abiria, na iliyobaki hushika mchanga unaousaga mnyororo. Matone machache ya oili safi kwenye maungio, yakafuatwa na kitambaa, yangefanya kazi bora kwa gharama ndogo. Hoja hiyo si ya mafundi wa barabarani peke yao. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliiambia serikali ya Uingereza kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeokoa takriban pauni milioni 515 kwa mwaka kama vingeshughulikia ipasavyo msuguano, uchakavu na ulainishaji. Taifa lenye vyuo na viwanda vikubwa lilikuwa likipoteza mali kwenye jambo ambalo fundi mwenye kopo zuri hulimaliza kabla ya chai.

Basi ukienda kununua cherehani, mpya au ya mkono wa pili, uliza na kopo lake. Ukiletewa, libonyeze dukani: sikiliza kitako kikirudi, tazama kama mrija umenyooka, fungua shingo ukague washa. Litie mafuta mepesi ya cherehani, uandike juu yake ili asije mtu akatia ya kupikia, na ulifunge ncha vumbi lisiingie. Kila asubuhi ya kazi futa kwanza, tone moja kila tundu, kisha futa tena. Mashine iliyotunzwa hivyo utairithisha.